Mawazo, Wavu na Mafundo Yake

Hapa kwetu Tanga neno "mawazo" hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Ukiuliza jirani anaumwa nini, hujibiwa, "Ana mawazo," na hapo neno limekuwa jina la ugonjwa. Ukiuliza kwa nini halali usiku, hujibiwa, "Mawazo," na hapo limekuwa chanzo. Ukimuuliza mgonjwa mwenyewe anasikia nini, atakwambia, "Mawazo tu, Mwalimu, hayanipi nafasi," na hapo limekuwa dalili. Mtu aliyezoea vitabu vya tiba ataona kwamba huu ni uzembe wa lugha: jina, chanzo na dalili ni vitu vitatu, wala haifai kuvitia katika kapu moja. Lakini wako wataalamu wa leo, tena wenye sifa kubwa, ambao kwa njia ya hesabu wamefika karibu sana na usemi huo wa mitaani kwetu. Katika insha hii nataka kuyapima maneno yao, niseme ni wapi yananiridhisha na ni wapi nayaona yamepwaya.

Kwanza tuutazame mtazamo wa zamani, maana ndio walioutilia shaka. Sisi watu wa pwani tunaufahamu vizuri kwa sababu ya malaria. Mgonjwa ana homa, anatetemeka, kichwa kinamgonga, viungo vinamuuma, anatapika. Dalili ni nyingi, chanzo ni kimoja: kijidudu alichokiona Mfaransa Laveran katika damu mwaka 1880, na ambacho Ronald Ross alikikuta ndani ya mbu mwaka 1897. Kichwa hakiumi kwa sababu viungo vinauma. Maumivu yote mawili ni watoto wa mzazi mmoja. Ukimpa mgonjwa panadol homa itashuka, lakini kijidudu kitabaki, na kesho homa itarudi.

Matabibu wa akili wa Ulaya na Marekani walitamani sana kupata kitu kama hicho. Mwaka 1913 ilionekana kwamba wamekipata, pale Noguchi na Moore walipoona vijidudu vya kaswende ndani ya ubongo wa watu waliokufa kwa aina moja ya wazimu unaoambatana na kupooza. Yakazaliwa matumaini kwamba kila ugonjwa wa akili utapatikana na kijidudu chake, au kasoro yake moja katika ubongo. Kwa sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, na kwa wasiwasi uliopita kiasi, chanzo kimoja cha namna hiyo hakijapatikana mpaka leo.

Ndipo mwaka 2010 Angélique Cramer, Denny Borsboom na wenzao wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, Uholanzi, walipotoa hoja nyingine. Mwaka 2013 Borsboom na Cramer waliieleza njia yao kwa mapana, na mwaka 2017 Borsboom akaiandika kama nadharia kamili. Hoja yenyewe ni nyepesi kuieleza. Wanasema, huenda hakuna kitu kilichojificha nyuma ya dalili. Dalili zenyewe zinaleteana, na huko kuleteana ndiko ugonjwa. Mtu hapati usingizi, kwa kukosa usingizi anachoka, kwa kuchoka kazi haiendi, kazi isipoenda anajilaumu, akijilaumu anawaza, akiwaza hapati usingizi. Kila dalili wanaichora kama fundo, na kila uhusiano baina ya dalili mbili wanauchora kama uzi. Neno "mtandao" siku hizi limetekwa na simu na kompyuta, kwa hiyo mimi nitasema wavu, na wavuvi wetu wa Sahare na Kigombe watanisamehe kwa kuazima chombo chao.

Sehemu inayonivutia zaidi katika nadharia hii ni ile ya kukaza kwa nyuzi. Borsboom anasema kwamba katika wavu uliokazana sana, jambo dogo likivuta fundo moja linaweza kuuvuta wavu mzima, na hata jambo lile likiondoka, wavu haurudi ulivyokuwa. Mtu alifukuzwa kazi akaugua. Baada ya mwaka kazi amepata nyingine, lakini usingizi haujarudi, na kujilaumu kumebaki pale pale. Jambo hili linawatatiza mno ndugu wa mgonjwa. "Tatizo limekwisha, mbona yeye bado?" huuliza kwa hasira, na wengine huamua kwamba mtu huyo anajitakia. Nadharia ya wavu inawajibu kwamba dalili zikishashikana hazimhitaji tena aliyezianzisha. Jibu hilo peke yake linaweza kuponya ugomvi mwingi wa nyumbani.

Nitatoa mfano nilioushuhudia. Mwaka 1987, katika chuo cha ualimu nilichokuwa nikifundisha, mwanachuo mmoja aliacha kuingia darasani wiki chache kabla ya mazoezi ya kufundisha. Kila mtu alikuwa na jina moja la kumpa. Baadhi ya wakufunzi walisema ni mvivu. Wenzake wa bwenini walisema ana pepo, na mmoja akamtaja mpaka kabila la pepo mwenyewe. Wengine walisema ni malaria, na kijana akameza klorokwini bila nafuu. Yalikuwa majina matatu, na kila moja lilidai kuwa ndilo shina la yote.

Mlezi wa bweni alikuwa mama mtu mzima wa Pangani, hana cheti chochote cha saikolojia. Yeye hakutoa jina. Alikaa na kijana yule barazani akamuuliza, "Mwanangu, kilianza nini?" Kijana akaeleza kwamba ilifika barua ya nyumbani juu ya deni la baba yake, naye hakulala usiku ule. Asubuhi alisinzia darasani, akachekwa. Kwa kuona haya akaanza kula peke yake. Akiwa peke yake, barua ikamrudia kichwani, na usiku hakulala tena. "Basi tuanze na kula," akasema mama. "Leo unakula na mimi, kesho na wenzio." Akampa na kazi ya kumwagilia bustani jioni, mpaka mwili uchoke. Muhula uliofuata kijana alikwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na deni la baba yake lilikuwa bado halijalipwa.

Wenye nadharia ya wavu wangemwelewa mama yule mara moja. Hakutafuta shina. Alitafuta mahali ambapo mnyororo unashikika kwa mkono.

Upo pia utafiti mmoja ulionigusa binafsi. Mwaka 2015 Eiko Fried na wenzake walitazama habari za wazee wa Marekani waliofiwa na waume au wake zao, wakawalinganisha na wale ambao wenzi wao walikuwa hai. Kwa mtazamo wa zamani, msiba huleta sonona, na sonona ndiyo inayozaa dalili zote. Walichokiona ni kwamba msiba uligusa hasa fundo moja, nalo ni upweke. Kisha upweke ndio uliozifikia dalili nyingine.

Mimi ni mgane, yaani mwanamume aliyefiwa na mkewe, kwa mwaka wa sita sasa. Pwani yetu mwanamke Mwislamu aliyefiwa hukaa eda miezi minne na siku kumi, na mara nyingi katika muda huo huzungukwa na wanawake wenzake, mashangazi, mawifi na majirani. Mwanamume hana eda. Hitima ikisomwa na mikeka ikakunjwa, watu humpa mkono wakarudi makwao, kwa kudhani kwamba mwanamume amejikaza. Basi ikiwa utafiti ule ni wa kweli, msaada wa mgane hauanzi siku atakapoitwa mgonjwa. Unaanza jioni ile ya mkeka wa mwisho, kwa jirani kupita na kusema, "Mzee, twende barazani." Nadharia inayoweza kumwambia jirani jambo la kufanya jioni ya leo haistahili kudharauliwa.

Nimeisifu vya kutosha, na sasa niseme ninapotofautiana nayo.

Hoja yangu ya kwanza ni ya mwalimu wa lugha. Mafundo ya wavu huu hayaokotwi mwilini mwa mgonjwa. Ni maswali ya hojaji, na swali ni maneno. Hojaji moja inayotumika sana duniani kupimia sonona ilitangazwa mwaka 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na imetafsiriwa kwa Kiswahili na kutumika Tanzania na Kenya. Swali la usingizi linauliza kama mtu anapata shida ya kulala au analala kupita kiasi. Swali la chakula linauliza kama hamu imepungua au anakula mno. Swali jingine linauliza kama anakwenda na kusema polepole, au kinyume chake, hatulii. Katika mtihani wa chuo chetu mwanachuo aliyetunga swali la namna hiyo, lenye maswali mawili yanayopingana ndani yake, angerudishiwa karatasi kwa wino mwekundu. Anayekesha na anayelala mchana kutwa hupata alama ile ile. Hojaji kama hiyo huenda inatosha kumwonyesha tabibu nani aitwe ndani kwanza. Lakini ukichukua majibu yake ukayachora kuwa wavu, fundo moja limefunga vitu viwili vinavyovutana, na nyuzi zinazotoka hapo hazijulikani zinatoka kwa nani.

Tena, katika maswali yale tisa hakuna hata moja linalouliza juu ya mawazo yasiyokoma. Lipo la huzuni, la uchovu, la kujiona umeshindwa, la kushindwa kutulia kwenye jambo kama kusoma gazeti. Fundo ambalo mtu wa Mkinga au Muheza angelitaja la kwanza kabisa halimo. Wala si sisi peke yetu tunaolitaja. Mwaka 2015 Bonnie Kaiser na wenzake walikusanya tafiti nyingi juu ya usemi wa "kuwaza sana", na wakaukuta katika pande nyingi za dunia, Afrika ikiwemo. Wavu hauwezi kuonyesha fundo ambalo mfumaji hakulifunga. Anayesoma mchoro wake atadhani bahari haina samaki huyo, kumbe samaki yumo na macho ya wavu ndiyo makubwa.

Hapa ndipo narudi kwenye neno letu lenye kazi tatu. Sidai kwamba litoshe hivyo hivyo lilivyo. Lugha yetu ina maneno ya kulichambua: kuna kuwaza jambo moja bila kukoma, kuna wasiwasi wa yajayo, kuna majuto ya yaliyopita, kuna simanzi, kuna fadhaa, kuna jakamoyo. Kila moja lingeweza kuwa fundo lake. Kazi ya kuyatenga maneno haya, kwa kukaa na wagonjwa na kuwasikiliza, ingetangulia hesabu. Mpaka sasa, mara nyingi tumekuwa tukipokea maswali yaliyokwisha kutungwa kwingine, kisha tunatafuta maneno ya kuyavika.

Hoja ya pili inahusu nyuzi. Mara nyingi wataalamu hupata nyuzi kwa kuwauliza watu mamia au maelfu, mara moja tu, kisha wanatazama ni dalili zipi hupatikana pamoja. Kwenda pamoja hakuonyeshi nani alimtangulia mwenzake. Isitoshe, jambo lililo kweli kwa kundi laweza kuwa kinyume kwa mtu mmoja. Mwalimu yeyote analijua hili. Shuleni, wanafunzi wanaohudhuria sana masomo ya ziada ya jioni aghalabu ndio wenye alama za chini, kwa sababu hao ndio tuliowaambia wahudhurie. Anayetazama daftari la shule nzima atasema masomo ya jioni yanashusha alama. Lakini mchukue mwanafunzi mmoja, umfuate muhula hadi muhula, utaona kila alipohudhuria zaidi alama zake zilipanda. Daftari ni lile lile, na majibu mawili yanapingana. Mgonjwa anayeingia chumbani kwa tabibu ni mtu mmoja, naye anahitaji wavu wake mwenyewe, si wastani wa nyavu za wengine.

Wenye nadharia wanalijua jambo hili, na baadhi yao wameanza kumfuata mtu mmoja kwa kumuuliza mara kadhaa kwa siku kwa njia ya simu. Hiyo ni njia njema, ila ni ya taabu, na michoro mingi inayochapishwa bado ni ya makundi. Tena ulizuka mtindo wa kutafuta fundo la katikati, lenye nyuzi nyingi, na kusema kwamba hilo likitibiwa wavu wote utalegea. Mwaka 2019 Laura Bringmann na wenzake walionyesha kwamba vipimo hivyo vya "katikati" viliazimwa kutoka elimu ya mahusiano ya watu, na kwamba dalili si watu, hivyo vipimo havikai sawasawa. Mwaka 2017 pia Miriam Forbes na wenzake walidai kwamba nyavu hizi hazitoki vile vile utafiti unaporudiwa. Borsboom na wenzake wakapinga, na mabishano hayo yakaandikwa wazi kwa wote kusoma. Nawasifu kwa kubishana hadharani. Lakini msomaji wa kawaida asikubali mtu amwonyeshe mchoro wenye fundo nene katikati na kumwambia, "Tiba iko hapa."

Hoja ya tatu ni juu ya miti inayoshikilia wavu. Michoro mingi huishia kwenye ngozi ya mgonjwa: usingizi, hamu, huzuni, uchovu. Mkoa wetu unajua kwamba mambo hayaishii hapo. Tanganyika ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge mwaka 1964; kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama tani 20,000. Nyuma ya tarakimu hizo kuna kambi za mashamba zilizobaki na watu bila mishahara, wazee waliokuja kutoka mbali kukata mkonge na hawakuwa na nauli ya kurudi. Mtu wa kambi ile ukimchorea wavu wa dalili tisa bila kuchora mshahara uliokoma, umechora wavu unaoelea hewani.

Kwa haki, wako waliolitambua hili, tena kwa habari za Afrika Mashariki. Mwaka 2015 Maarten De Schryver na wenzake, Cramer akiwa mmoja wao, waliitumia njia ya wavu kwa vijana walioguswa na vita vya kaskazini mwa Uganda, vita ambavyo vilianza katika miaka ya 1980 na kutulia mwaka 2006 mazungumzo ya amani yalipoanza. Wao waliweka katika mchoro mmoja mambo yaliyowapata vijana vitani, shida zao za kila siku baada ya vita, na dalili za nafsi iliyojeruhiwa. Huo ndio mfano ambao ningependa ufuatwe kwetu: deni, njaa, kufukuzwa nyumba na kufiwa viwe mafundo kama usingizi ulivyo fundo.

Hoja ya mwisho ni tahadhari. Si kila ugonjwa ni wavu. Mtoto mwenye homa kali anayetupa mikono na kugeuza macho, wazee wetu waliita hali hiyo degedege na wengi waliihusisha na shetani au ndege. Inaweza kuwa malaria iliyopanda ubongoni, nayo huua upesi. Hapo shina lipo, na mtoto akimbizwe hospitali bila insha yoyote. Kifafa nacho kina dawa yake, na mgonjwa asiiache kwa sababu amesikia kwamba dalili huleteana.

Hata hivyo, ukitazama wanavyohudumiwa watu waliougua kwa muda mrefu, utaona kwamba dawa na wavu havigombani. Lutindi, juu ya milima ya Usambara wilayani Korogwe, palianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Pamoja na dawa, kazi za mikono na shamba zimekuwa sehemu ya tiba pale. Anayefanya kazi huchoka, aliyechoka hulala, aliyelala huamka na njaa, mwenye njaa hula na wenzake. Hakuna aliyehitaji kujua kwanza fundo gani liko katikati. Yanavutwa mengi kwa pamoja, kila siku, kwa subira.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Nadharia ya wavu ni bora kuliko majina yetu ya haraka, kwa maana inatutoa kwenye swali la "Ana nini?" na kutupeleka kwenye swali la "Kilianza nini, kikaleta nini?" Ubovu wake uko kwenye uzi na mafundo yaliyotumika kuufuma: maswali yaliyotungwa kwingine, majibu ya siku moja, na watu waliochanganywa mpaka hakuna mtu. Wasomi wetu wa Kiswahili na matabibu wetu wa akili wanaweza kukaa meza moja wakaitengeneza hojaji yetu. Watenganishe kukesha na kulala mno, waweke mawazo kwa majina yake yote, waulize deni na chakula, na waulize kipi kilitangulia. Na wewe ndugu msomaji, ambaye huna hojaji wala hesabu, ukimwona mtu wako amebadilika, muulize kilianza nini, kisha usiondoke mpaka amalize kukujibu.